Pikipiki Zilizoburuzwa Kuelekea Juu

Jumamosi, Bashay. Baridi kali, ukungu umekalia mashamba ya vitunguu saumu tangu asubuhi. Nina hasira mpaka chai imenishinda.

Leo kikao cha bodaboda pamoja na wazee wa kitongoji kimeamua kwamba mdogo wangu, Tluway, ndiye mwenye kosa. Ametolewa kijiweni. Na mguu wake ulioumia ukipona, aende nyumbani kwa mwenzake waliyegongana naye kuomba msamaha.

Ajali ilitokea Jumanne. Tluway alikuwa anateremka na gunia la vitunguu saumu, mwenzake anapanda na gunia la mbolea. Pikipiki za aina moja, mizigo karibu sawa, hata miili yao inalingana. Wakagongana uso kwa uso kwenye kona.

Huku kwetu anayepanda na mzigo hupishwa, kwa sababu akisimama, kuondoka tena ni shida. Ni utaratibu mzuri. Lakini umetuletea uvivu wa kufikiri: ikitokea ajali, anayeteremka amehukumiwa kabla hajaokotwa.

Hakuna aliyeuliza pikipiki zilikutwa wapi.

Mimi niliziona. Zilikuwa zimenasana, na alama za kuburuzwa zilikwenda juu. Juu! Nafundisha fizikia. Vitu viwili vyenye uzito sawa vikigongana ana kwa ana vikanasana, vinakwenda upande kilikokuwa kinaelekea chenye mwendo mkubwa. Mwendo ukiwa sawa, vinabaki pale pale. Tluway angekuwa ndiye mwenye mbio, zingeshuka, na mteremko ungezisaidia.

Kikaoni wakasema eti ameumia zaidi ya mwenzake kwa sababu ya mbio zake mwenyewe. Jamani! Mwendo wa kukaribiana ni mmoja, wa wote wawili. Hata ukiwa umesimama kabisa, ukijiwa kwa kasi utavunjika.

Nilisimama, nikawaamkia wazee shikamoo, nikaeleza yote haya. Mwenyekiti alinisikiliza vizuri tu, kisha akasema, "Mwalimu, hayo ni ya darasani. Anayeteremka ndiye mwenye mbio." Watu wakacheka. Wawili kati yao niliwafundisha mwenyewe hayo hayo, wakafaulu. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jioni nikapita hospitali. Siku ya ajali Tluway aliniambia, vumbi likiwa bado mdomoni, kwamba alisogea pembeni akasimama kumpisha mwenzake. Leo nilipomweleza uamuzi wa kikao nilitegemea afoke. Hakufoka. Aliniuliza taratibu, macho yakiwa darini:

"Dada, una hakika nilisimama?"

Nilitoka nje nikalia kwa hasira.

Picha za zile alama ninazo kwenye simu. Nilipanga kesho baada ya ibada nimwoneshe mwenyekiti mbele ya watu wote. Nimebadili mawazo. Wazee watasubiri zamu yao. Kesho asubuhi narudi hospitali kwanza, nikae kitandani kwa mdogo wangu, nimwoneshe picha moja baada ya nyingine, mpaka ajue tena kwamba alisimama.