Mjomba na Mshenga Mjini Budapest

Jumapili, 11 Januari 2026. Bigwa

Koti limepatikana! Mitumba ya Sabasaba, baada ya misa ya kwanza. Refu, jeusi, zito kama mbuzi aliyenyeshewa. Maimuna aliyeniuzia akaapa litanifaa – mzee, hili limetoka huko huko, njia linaijua. Nimelijaribu sebuleni. Jasho mpaka visigino.

Wiki ijayo Vienna, maonyesho ya viungo. Chama chetu cha wakulima kimenichagua nipeleke mdalasini wa Uluguru, kwa sababu ya Kiingereza changu nilichojifundisha kwenye redio. Halafu siku nne ni zangu mwenyewe! Basi la bei poa hadi Budapest, anakosoma Jesca, binti wa dada yangu Angelina.

Watu nawaambia ni matembezi. Dada Angelina anajua si matembezi. Jesca kasema kwenye simu kuna mtu. Jina hakutaja, heshima. Na kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba asipokubali, hakuna ndoa. Jesca ndiye binti pekee tuliyebaki naye. Akiolewa moja kwa moja huko, lukolo, yaani ukoo wetu, unaishia kwenye theluji, na shamba la bibi kule Mkuyuni linabaki na nyani.

Dada, huku akinifungia karafuu: Kaka, usipumbazwe na majengo. Muoaji akijileta mwenyewe bila mshenga, usimpe hata salamu.

Sawa.

Jumatano, 21 Januari. Budapest!!

Theluji! Nimeishika. Nimeila. Wamesahau chumvi.

Stendi nimepokewa na wawili. Jesca, mashavu yamejaa. Na kijana mrefu aliyeinama kutoa shikamoo mpaka kofia ikadondoka kwenye tope la barafu. Anaitwa Abel, Msukuma wa Magu, anasomea umwagiliaji. Jesca ana mtihani Ijumaa, kwa hiyo Abel ndiye wa kunitembeza. Kanipokonya sanduku kabla sijamaliza marahaba.

Nikaelewa palepale. Mshenga! Kumbe huyo muoaji ana akili, katanguliza mtu mwenye adabu. Jesca akaanza – Mjomba, Abel siyo… – nikamkatiza: mama, wewe kasome, haya ni ya wakubwa. Abel akafungua mdomo. Akaufunga. Mshenga mzuri hana haraka.

Nalala hosteli ya vijana, chumba cha wengi, kitanda cha juu. Nilivyofika juu ya ngazi Wabrazili wa vitanda vya chini wakanipigia makofi. Nikawapungia mkono kama mbunge.

Alhamisi, 22 Januari

Abel anavijua vitu vyote vya bure mji huu. Daraja lina simba wa mawe – bure. Nikamwambia kwetu Mikumi wako hai, na barabara wanavuka bila kutuuliza. Danube imebeba mabonge ya barafu, yanagongana taratibu kama wazee kwenye foleni ya pensheni. Mchana tumekula langosh: chapati nene ya mafuta, kitunguu saumu, jibini juu. Mama anayeikaanga angepata wateja Mkuyuni siku ya gulio, ila apunguze kununa.

Jioni nikachemsha chai jikoni hosteli. Mdalasini, karafuu, tangawizi. Harufu ikapanda ngazi, watu wakashuka na vikombe! Sasa hosteli nzima inaniita Mjomba. Hata yule Mfini asiyeongea na mtu.

Nikamuuliza Abel: huyo bwana wako kabila gani? Akakohoa. Kama mimi, mzee.

Msukuma. Kazi ipo. Kwao ng'ombe wakishatolewa, watoto ni wa baba.

Ijumaa, 23 Januari

Leo nimeoga nje, kwenye barafu, nikiwa na kaptula!! Dada hataamini. Bwawa kubwa la maji ya moto yanayotoka ardhini, theluji inakuangukia kichwani na chini unaiva. Wazee wa hapa wanacheza drafti yao ya kizungu humo humo majini, matumbo yanaelea. Hawa ndugu zangu kabisa.

Humo bwawani nikampa Abel ujumbe wote. Mwambie huyo bwana, watoto ni wa lukolo ya mama yao. Na masomo yakiisha, Jesca anarudi milimani, naye aje akalime ukweni kama waume wote.

Abel akasema, na sauti haikuwa yake: na akisema kwao ng'ombe ndio wanaoamua?

Mwambie ng'ombe hawapandi Uluguru. Watateleza.

Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Nikaendelea: akiyakubali hayo aje mwenyewe, avue kofia, asimame kimya. Nikimuuliza jina, nimempokea. Nikinyamaza, aende zake. Mjomba wangu alifanya hivyo, na mimi ndivyo.

Abel: na wewe, mzee, unamwonaje? Huyo usiyemjua.

Nikasema, angekuwa kama wewe, ningelala usingizi.

Akazama. Kazama kweli! Amekaa chini ya maji mpaka mzee mmoja wa drafti akageuka kuangalia.

Jumamosi, 24 Januari

Jesca kamaliza mtihani, tumekwenda watatu sokoni. Jengo kama kanisa, pilipili nyekundu zimening'inizwa kila kibanda. Nikanusa, nikamwonyesha muuzaji kwa vidole kwamba yetu inamshinda. Akanionjesha yake. Machozi. Sare.

Halafu hivi. Jesca anaongea na mimi, habari za maprofesa, hata hamwangalii Abel – mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ndevu za Abel, ukatoa chembe ya mkate, ukarudi mfukoni. Sentensi haikukatika.

Mshenga hafanyiwi hivyo.

Fransisko mimi! Mzee mzima! Siku tatu namtuma mtu ajipelekee ujumbe!

Nikacheka mpaka nikasingizia pilipili. Niwatibulie? Hapana. Kama muoaji mbele ya mjomba angesema tu ndiyo mzee, ndiyo mzee. Kwa kuwa namwita mshenga, nimeusikia woga wake wote. Ila jibu la watoto hajaleta. Hapo sichezi.

Dada kapiga. Umemwona? Nikasema mshenga nimemwona, safi kabisa. Kaka, mbona unacheka?

Jumapili, 25 Januari. Ndani ya basi, stendi

Basi halijaondoka. Nimekaa dirishani, theluji inaanguka upya.

Nimemwambia Abel: nataka jibu kabla sijaondoka. Watoto, na Mkuyuni. Mpigie bwana wako.

Akachomoa simu, akasogea kule kwenye nguzo. Anaongea kwa mikono, anabisha, anajijibu. Kioo cha simu cheusi tii. Hata hajaiwasha!

Jesca kagonga dirisha, nikalisogeza kidogo. Mjomba, unajua, eeh? Najua nini? Akacheka, akajifuta macho kwa glovu. Halafu taratibu: mimi nitarudi nyumbani hata bila yeye, Mjomba. Ila nisingependa bila yeye.

Nimeshika kalamu tu.

Abel anarudi. Karudisha simu mfukoni. Anapita dirishani kwangu bila kuniangalia, anakwenda kusimama mbele ya mlango wa basi –

Kofia ameivua.

Nywele zinajaa theluji. Mikono pembeni. Kimya. Msukuma, kimya! Jesca hamwangalii yeye, ananiangalia mimi. Dereva kafunga buti, ananionyesha saa yake. Koti hili nalo limenasa kwenye kiti! Ngoja nishuke, mtu haulizwi jina kupitia dirishani –