Bomba Tuliloliacha Wazi

Mdogo wangu Masanja,

Jana nimerudi kutoka Masumbwe, kwa mama yako, kuhani msiba wako. Leo nimekaa mbele ya mashine tangu asubuhi na sijabonyeza hata herufi moja. Aliyechukua nafasi yako hana salamu. Anaingia tu na kuuliza kama umeme upo.

Wewe ulinizoesha vibaya. Kila siku salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, dada," kwa mikono miwili, utadhani mimi mke wa mtemi na si binti wa muuza khanga wa sokoni Shinyanga. Nilikutania kwamba adabu hiyo itakuponza. Ulicheka. Natamani nisingelitamka neno hilo.

Unaikumbuka programu ya mizani ya pamba? Mimi niliandika programu mama, iliyosoma uzito wa kila kituo. Wewe uliandika mwana, aliyepokea namba kupitia bomba, ile njia ya ndani ya mashine ya kupitishia namba, akazipanga na kuzichapa. Nilikufundisha mwenyewe kwamba mwana huzaliwa ameshika kila alichofungua mama yake. Mdomo wa kuandikia wa lile bomba, ambao mama huingizia namba, haumhusu, kwa hiyo aufunge upande wake. Ukibaki wazi popote, hata mkononi mwake mwenyewe, mashine huamini bado kuna namba njiani, na mwana hukaa kuzisubiri.

Umeme ulikuwa umekatika juma zima, hatukupata kujaribu chochote. Tukaunganisha kazi zetu siku ileile wageni walipofika kutoka Dar es Salaam kuamua kama shughuli hii ibaki kwetu au ihamie kwao. Printa haikutoa kitu. Wageni walimaliza chai, wakaanza kutazama saa. Nikaifungua sehemu yako, nikaona mdomo hukuufunga.

"Masanja, mbona mdomo huu umeuacha wazi?"

"Dada, uliufungua wewe," ulijibu taratibu. "Ningeufungaje mimi?"

Wageni wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe. Kwenu Usukumani mdogo hafungi alichofungua mkubwa, nami nililijua hilo. Nikaongeza mstari wa kuufunga, nikaiendesha programu upya. Kimya. Mkubwa wao akasimama, akasema huyu kijana asiiguse mashine tena, kisha wakaenda kula. Wewe ulisema "sawa, mzee," ukachukua kofia yako ukatoka.

Nilibaki peke yangu na hasira zangu, nikaanza kusoma sehemu yangu mstari kwa mstari. Na mimi nilikuwa sijaufunga upande wangu. Mama alikuwa anamsubiri mwana amalize, na mwana alikuwa anamsubiri mama afunge. Nikafunga, karatasi zikaanza kutoka. Wageni waliporudi niliwaambia wazi kwamba kosa lilikuwa langu pia, wakasema basi, mrudishe kijana wako. Nikatuma mtu nyumbani kwako. Akakuta umeshadandia lori la pamba, unakwenda Katoro kutafuta dhahabu.

Nilikufuata, Masanja, ingawa sikupata kukusimulia. Nilifika Katoro nimejaa vumbi mpaka masikioni, nikauliza kila mchimbaji niliyemwona. Walisema umehamia mashimo mengine, hakuna aliyejua yapi. Nikarudi, nikajiambia utakuja mwenyewe mvua zikianza. Hapo ndipo ninapojuta hasa. Ningekaa, ningeendelea kuuliza. Mvua zilianza, kifusi kikakufukia shimoni, na habari iliyonifikia ikawa ya mazishi.

Basi nilikwenda Masumbwe nikiwa na jambo moja kifuani. Kwa kuwa wewe hukuusikia ukweli, nilitaka angalau mama yako ausikie, asije akadhani mwanawe aliharibu kazi. Nikamweleza yote, bomba na wageni na kicheko changu. Aliniacha nimalize, akanishika mkono.

"Mwanangu, aliniambia alipopita hapa akielekea Katoro," alisema. "Aliona palepale kwamba na wewe umesahau upande wako. Nikamuuliza, sasa mbona ukanyamaza? Akasema, mama, dada hasemwi mbele ya wageni."

Nililia mpaka wenye msiba wakaanza kunibembeleza mimi.

Nina hasira na wewe, nisikufiche. Nina hasira na mimi zaidi. Ungesema tu, mdogo wangu. Ungesema hata kwa kuninong'oneza. Ningenuna mpaka mchana, basi.

Lala salama.

Dada yako,
Zuhura