Gari Imefika Tupu, Lomunokol

Mwaka mzima umekwisha, Lomunokol mjukuu wangu, tangu tukutoe hospitali Lodwar ukiwa umefunikwa shuka. Kichwa ilikuuma, tukasema ni jua. Wewe mwenyewe ulisema ni jua tu. Jua gani hiyo, mtoto wetu.

Ulikuwa mtu ya baiskeli. Ulikimbiza mpaka Ulaya, wazungu wakakulipa kukanyaga pedali. Ulituma picha umevaa ile kaptura ya kubana, nyanya yako Akoru akaiangalia sana, akaniuliza, "Huyu mtoto huko amekosa suruali?" Tulipokuambia kwa simu ulicheka mpaka ikakatika.

Miguu ilipochoka ukarudi. Wengine wakirudi wananunua ploti. Wewe ulianzisha timu, ukawa meneja, watoto wa Lodwar na watoto wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma pamoja. Watu wakakuuliza, meneja gani anakaa kwa gari nyuma kabisa, haoni hata nani ameshinda? Ukawajibu, "Mimi nimechunga mbuzi ya babu. Mchungaji akitangulia, fisi anakula ile ya nyuma." Hiyo ulijifunza kwangu. Nilifurahi, na sikukuambia.

Aliyeshindwa njiani ulimpandisha kwa gari, ukampa maji, hukumgombeza. Mara nyingi ilikuwa Spéciose, yule msichana wa Burundi. Upepo ya mbele ilikuwa inammaliza.

Sasa ile ng'ombe. Nilikuwekea dume langu jeupe la mabaka. Nikasema, siku timu yako yote itatoka Kakuma ifike Lodwar kwa baiskeli, gari ije nyuma tupu, utalidunga mkuki wewe mwenyewe, tule. Kila safari nasimama hapo barabarani. Unafika, unashusha kioo, unanisalimia, "Ejok, babu! Bado. Nimebeba mmoja."

Safari ya mwisho nilikubembeleza. Nikakuambia ng'ombe imezeeka, wacha tule hivyo hivyo. Ukakataa. "Babu, tukila leo, Spéciose atajua tumekula bila kumngoja amalize." Ukaingia nyumbani umeshika kichwa. Hiyo nyama tungekula na wewe, Lomunokol. Wewe hukuonja. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka sasa.

Juzi timu ilitoka Kakuma kwa ajili yako. Mou, yule mrefu wa Sudani Kusini, alifika wa kwanza, kisha Inès wa Kongo, kisha wengine. Mimi nimesimama tu, naangalia barabara. Mwisho kabisa nikaona Spéciose. Mdomo wazi, chumvi imekauka usoni, anakanyaga kama mtu anapanda mlima ambayo sisi hatuoni. Wamama wakapiga vigelegele. Nyuma yake ikaja gari. Ndugu yako Abei anaendesha, peke yake. Kiti ya nyuma hakuna mtu. Kiti yako hakuna mtu. Miaka yote tuliomba hiyo gari ije tupu. Hatukuomba hivi.

Abei akadunga ng'ombe. Nikatoa majani ya tumboni mwake nikawapaka watoto wa timu kifuani, nikapaka miguu, nikapaka na tairi. Inès akaruka, "Eeh, papa, hii ni nini tena? Inanuka!" Mou akamwambia, "Simama, dada, hiyo ni baraka. Hata kwetu iko." Tukacheka, lakini kicheko ilikuwa ndogo, kwa sababu wewe ndiye ulikuwa unacheka kwa nguvu.

Spéciose hakukaa na wengine. Alichukua nyama yake akaenda kula ndani ya gari, pale ulikuwa unamkalisha. Tulimwacha.

Wanaokukumbuka: mimi babu yako, nyanya yako Akoru, mke wako Nakaale na watoto, ndugu yako Abei, na timu yako yote, wa kwanza mpaka wa mwisho.

Pumzika, mchungaji. Siku zote tukigeuka nyuma, tutakutafuta.