Kiti cha Juu ya Mlango wa Wageni

Tensaw, 19 Oktoba 2014

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo Bibi. Habari za huko Okaloma, na masikio yako je? Natumaini u mzima. Mimi sijambo, nakula vizuri, na kusoma nasoma, usimsikilize Mjomba.

Najua simu huisikii, ndiyo maana naandika kama mtu wa zamani. Wenzangu chumbani wananicheka, wanasema nina mchumba jela. Nimewaambia nina mke mzee nyumbani, mkali kama pilipili, tena anashabikia timu ya adui.

Bibi, katikati ya Novemba tunakuja kucheza kwenu. Tangu nilipokataa kuvaa kijani cha chuo cha Okaloma nikaja huku kuwa mrushaji wa mpira wa Kimarekani wa Tensaw ya zambarau, najua pale mjini mimi ni Yuda. Sawa, wanizomee. Mrushaji asiyezomewa ugenini ni mrushaji mbovu.

Sasa hili ni la kwako peke yako. Goti langu la kushoto si zima. Liliumia mazoezini mwezi uliopita. Daktari wa timu analifunga kitambaa chini ya suruali, na kocha hataki hata wachezaji wenzangu wajue. Likijulikana, kila dume la timu pinzani litakuja na bega lake hapo hapo. Nikiumaliza msimu huu salama, timu za kulipwa zitanichukua. Nisipoumaliza, basi. Usimwambie mtu yeyote. Mungu mwambie, lakini polepole.

Mume wako,
Njugu

*

Okaloma, 25 Oktoba 2014

Mume wangu Njugu,

Marahaba. Barua nimeipata na nimeisoma mara mbili. Mimi mzima, ila masikio ndiyo yameshastaafu. Mjomba wako anakusalimu, na anasema kusoma husomi.

Goti lako limeninyima usingizi. Usijali, siri yako iko tumboni mwangu.

Ila usidhani nitavaa zambarau. Babu yako alipaka mistari ya uwanja ule maisha yake yote, nikivaa zambarau atafufuka anichape. Nitakaa palepale, kiti cha kwanza juu ya mlango wanakopitia wageni, na Clovis Rudd wa kanisani kwetu pembeni yangu. Asubuhi yake tutachoma mbavu pale maegesho ya magari ya uwanja kama kawaida. Nitaomba mshindwe, lakini mshindwe vizuri.

Kukuzomea ndiyo sitakuzomea. Sizomei mtoto wa mtu. Unakumbuka ulipokuwa na miaka saba, yule mchezaji wa Tensaw alipotolewa kwa machela, wewe umekaa unabugia njugu zako za kuchemsha? Nilikuinua kwa sikio mbele ya watu. Mchezaji akitolewa ameumia, awe wetu awe wao, watu husimama na kumpigia makofi. Sisi wa kijani ndivyo tulivyo. Bila hilo sisi ni kundi la mbwa tu.

Kula. Valia soksi nzito. Unaombewa.

Mkeo mzee,
Bibi Verlene

*

Tensaw, 19 Novemba 2014

Bibi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Hali yangu umeiona mwenyewe Jumamosi. Wamenipasua juzi. Daktari anasema mwaka mzima, na hata baada ya mwaka hana la kuniahidi.

Nina swali moja. Tulipotoka tu vyumbani, kabla sijaushika mpira, upande wenu wote ulikuwa unaimba: "Goti! Goti! La kushoto!" Watoto walikuwa na mabango ya goti lililofungwa bandeji. Wenzangu wanasema kile kipindi cha redio cha wapiga simu, tangu Alhamisi hakikuwa na habari nyingine. Yule jamaa wenu aliyenigonga hakuutazama hata mpira. Alipokuwa anainuka aliniambia, "Samahani kaka, tuliambiwa ni hilo."

Waliojua ni mimi, daktari, kocha na wewe. Niambie si wewe, Bibi, na nitaamini.

Mjukuu wako,
Njugu

*

Okaloma, 23 Novemba 2014

Njugu wangu,

Pole, pole sana baba. Sijui nikuulize hali au ninyamaze.

Ni mimi.

Jumatano ile kabla ya mchezo, kanisani, mchungaji aliuliza, kama kila Jumatano, nani ana hitaji la kuombewa. Unajua mwenyewe kunavyokuwa. Huyu figo, yule mtoto yuko jela, mwingine mume haonekani. Kipaza sauti kikapita, kikafika kwangu, na moyo wangu ulikuwa umejaa. Nikasema mwombeeni Njugu wangu, goti lake la kushoto ni bovu, na Jumamosi msimzomee, muwe watu wa Mungu. Kanisa zima likasema amina. Rudd, pembeni yangu, alisema amina kubwa kuliko wote, hata mimi nikaisikia, akanishika bega.

Kesho yake asubuhi ndiye aliyepiga simu redioni. Nimemfuata hadi barazani kwake nikamuuliza. Unajua alivyonijibu, mdomo karibu na sikio langu? "Verlene, maombi ni maombi, mpira ni mpira." Mtu niliyechoma naye mbavu miaka yote hii, aliyenishika mkono siku ya mazishi ya babu yako! Kikulacho ki nguoni mwako.

Redio siisikii, Njugu. Niliingia uwanjani sijui lolote. Niliona vinywa tu vinafunguka pamoja. Mabango ndiyo yaliyoniambia.

Alhamisi ni Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga ninaye, na viazi vitamu vyako. Sahani yako nitaiweka mahali pake. Mjomba atakufuata na gari kubwa ili unyooshe mguu.

Bibi yako,
Verlene

*

Tensaw, 30 Novemba 2014

Bibi,

Shikamoo. Samahani kwa Mjomba kurudi na gari tupu.

Nilikuambia umwambie Mungu polepole, wewe ukamwambia kwa kipaza sauti. Hilo ningelimeza. Nimekulia katika kanisa lile, najua mdomo unavyofunguka wenyewe pale. Rudd namwachia Mungu huyohuyo aliyemwambia amina.

Lakini kuna jambo hukuliandika. Waliponipakia kwenye kile kigari cha majeruhi nililala chali, na kigari kikaelekea mlango wa wageni. Kiti chako nakijua, nimekulia hapo pia. Rudd alikuwa amesimama, anacheka, anawachochea wenzake waimbe zaidi. Wewe ulikuwa umekaa, umeziba mdomo kwa mkono. Nikasema moyoni, sasa hivi atasimama. Kigari kile huenda polepole sana, Bibi. Nilikungoja mpaka paa la mlango likakuficha.

Kwa nini ulikaa?

Mjukuu wako,
Tavaris

*

Okaloma, 6 Desemba 2014

Mjukuu wangu,

Nimekuandikia mara kadhaa nikachana. Katika zile nilizochana niliandika kwamba miguu iliishiwa nguvu, na kwamba sikuelewa kinachoendelea. Ni uongo.

Niliogopa. Nyuma yangu na pande zote walikuwa watu wote ninaowajua hapa duniani, waliomzika babu yako, wanaoniletea supu nikiumwa. Nikajiambia, Verlene, ukisimama peke yako leo, kesho utaishi na nani? Nikakaa. Ulipokwisha kupita nilisimama, wala hakuna aliyeona, kwa kuwa hakukuwa na cha kutazama tena.

Nilikushika sikio ukiwa na miaka saba kwa jambo nililoshindwa mwenyewe nikiwa na miaka sabini na moja. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Kiti changu cha kila msimu nimekirudisha chuoni, wampe mwingine. Rudd anachoma mbavu zake peke yake. Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Bibi yako

*

Okaloma, 2 Machi 2015

Njugu,

Hujambo mume wangu? Leo umetimiza miaka ishirini na mbili. Nimekuokea keki ya nazi, nimeila na Mjomba. Anasema unatembea bila magongo sasa. Nimefurahi kusikia, ingawa nimesikia kwake.

Tangu Krismasi nimekuandikia kila mwezi. Huenda posta ya huko ni mbovu. Nitaendelea kuilaumu posta.

Mkeo mzee,
Bibi

*

Tensaw, 16 Novemba 2015

Bibi,

Shikamoo, kwa kuwa ndivyo ulivyonilea. Barua zako zote zilifika, na zote nimezisoma.

Nadhani Mjomba amekuambia goti limekataa. Sichezi tena. Siku za mchezo nasimama pembeni ya uwanja na makaratasi ya kocha.

Jumamosi Okaloma walikuja kwetu. Robo ya tatu mkimbiaji wenu, yule Marquel Binion anayesifiwa na kila gazeti, aligongwa akaanguka, akashika mguu, akawa anapiga nyasi kwa ngumi. Upande wetu ukaanza: "Goti! Goti!" Uwanja mzima. Walikuwa wanafanya kwa ajili yangu, Bibi, wananilipizia. Wenzangu walinigeukia wakicheka, wakingoja nami nicheke. Sitakudanganya, kicheko kilikuwa kimeshafika kooni. Mwaka mzima nilikuwa nimeingoja siku ile bila kujua.

Wakamleta Binion na kigari. Niliweka makaratasi chini, nikaenda hadi ukingoni mwa uwanja, nikaanza kupiga makofi. Peke yangu. Nilijiona mpumbavu. Mtu alinirushia kopo la soda likanipiga mgongoni, mwingine akapiga kelele, "Wewe uko upande gani?" Nikaendelea. Kisha juu yangu akasimama mama mmoja mzee, amevaa zambarau kuanzia kofia hadi viatu, simjui hata jina. Akapiga makofi naye. Wakafuata wengine. Hawakuwa wote, lakini ule wimbo ulikufa.

Kwa hiyo sasa najua ni kazi ngumu kiasi gani. Na najua inawezekana, hata kwa mama mzee aliyezungukwa na watu wake.

Alhamisi ya wiki ijayo ni Shukrani. Usiniwekee sahani.

Tavaris