Mke Wangu Alizima Injini Mbele ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho. Mimi ni mkufunzi wa urubani, nafundisha watu kurusha ndege ndogo za viti vinne, na mwanafunzi wangu wa sasa ni mke wangu wa ndoa, ambaye nyumbani tunaelewana vizuri tu, ila akishakaa kwenye kiti cha rubani hana mume tena, ana mwalimu. Jumamosi wakwe zangu walikuja uwanjani kumwona binti yao, mama mkwe akapanda kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani, baba mkwe akabaki uzioni akisema yeye ardhi inamtosha, nami nikataka mambo yaende kwa madaha.

Sasa, kabla ya kuondoka lazima ugeuze usukani mpaka mwisho kila upande na kusema "huru na sahihi", huru maana yake haukwami, sahihi maana yake vibao vya nyuma ya mabawa vinakwenda kunakotakiwa, na ndege ilikuwa imetoka karakana asubuhi ileile. Nikaugeuza harakaharaka, nikasema "huru na sahihi" kwa pumzi moja kama mtu anayeitikia salamu. Mke wangu akasema, "Huru nimeiona, mwalimu. Sahihi bado." Nikamwambia twende, watu wanangoja. Akashika usukani, akasimamisha kidole gumba, akaugeuza kushoto. "Ulinifundisha gumba linapoelekea ndiko kibao kinapanda. Hiki cha kushoto kimeshuka." Akazima injini. Mama mkwe akauliza kule nyuma, "Kwani humu mwalimu ni nani?"

Fundi alipofungua akakuta nyaya zimefungwa kinyume, yaani ningeipeleka ndege kushoto ingelala kulia, na pengine nisingekuwa nakuandikia. Tangu hapo wakufunzi wenzangu wananiita Bwana Huru, na mke wangu wanamwita Bi Sahihi. Yuko tayari kuruka peke yake, anasubiri ruhusa yangu tu, nami naahirisha, leo upepo, kesho mawingu, na nafikiria kumpeleka kwa mkufunzi mwingine ili heshima yangu ibaki. Lakini nikikumbuka lile gumba lilivyosimama bila kutetemeka, natabasamu peke yangu bafuni. Nifanye nini?

Bwana Huru

*

Bwana Huru,

Nimecheka, samahani. Nilitafuta malalamiko kwenye barua yako nikakuta majigambo matupu. Unajivunia mkeo mpaka bafuni, ila unaona haya kusema sebuleni. Pole, kukosolewa mbele ya mama mkwe si jambo dogo. Lakini pole yangu inaishia hapo. Ulitaka kumrusha mama wa watu kwa madaha na usukani umefungwa kinyume. Afadhali kuitwa Bwana Huru kuliko kuitwa marehemu.

Heshima yako imevunjwa wapi? Alikuita mwalimu, akatumia gumba ulilomfundisha wewe, kwa maneno yako wewe. Huyo anakutii kuliko unavyojitii mwenyewe. Na tuambiane ukweli: shida yako si mama mkwe. Unaogopa kwamba kiti chako kitakuwa kitupu na yeye ataruka vizuri tu.

Basi sikiliza. Nenda ukweni, ukae mbele ya mama mkwe, useme bila mzaha, "Mama, siku ile mwalimu alikuwa binti yako." Usimwangushie fundi lawama zote, kila ndege ikitoka karakana, wewe na yeye, mmoja akae kwenye usukani na mwingine asimame nje kwenye bawa, mwambizane mnachokiona. Na mke wako usimpeleke kwa mkufunzi mwingine, maana huyo atavuna asichopanda.

Siku ikiwa njema, panda naye. Afanye ukaguzi wake kwa muda anaoutaka, nawe ufunge mdomo. Akimaliza, mpe ruhusa yake, shuka, funga mlango vizuri, sogea mbali na ndege, umwache aende.