Ya Er ama ya Ar

Jumatatu, 1 Septemba

Chai bila maziwa. Yameisha na sikuwa na hamu ya kutoka. Injini mbili za boti zinaningoja ufuoni. Moja imeingiza maji. Ya pili mwenyewe anasema haina shida yoyote, imekataa tu kuwaka. Wateja wangu ndio hao.

Taa ya friji bado nyekundu. Nyekundu tangu Juni. Ni taa ndogo juu ya bomba la mlangoni, maana yake filta imechoka. Maji yanatoka tone kwa tone na yananuka ziwa. Nakunywa ya kuchemsha.

Rose alipiga jioni. Mkataba wake unaisha Desemba. Miaka minne Uingereza, akiosha na kulisha wazee wa watu. Akasema, "Baba Akoth, ile friji nimeinunua mimi, nikaipakia kwa kontena mimi, na sijawahi kunywa hata glasi moja ya maji yake. Nikifika, hiyo ndiyo kitu ya kwanza." Kisha akauliza kama nilibadilisha filta mwezi wa sita, miezi sita ikiisha tangu friji ifike.

Nikasema ndiyo.

Uongo mtupu. Sijui ulitoka wapi. Labda sikutaka asikie kwamba kitu chake kimeharibikia mikononi mwangu, mimi fundi. Naitafuta filta kimyakimya. Akija Desemba ataikuta mpya, na hatajua. Safari hii anakuja kukaa. Sitaki aanze kwa kunihesabia makosa.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeichomoa. Iko ndani, pembeni juu, nyuma ya kifuniko kidogo. Robo mzunguko na inatoka. Urefu wa gunzi la mahindi. Nilikuwa na mafuta ya injini mikononi, nikaifuta ili nisome, nikafuta na maandishi. Namba zimebaki, herufi ya mwisho imekwenda. Fundi mzima!

Nimezunguka Homa Bay mchana kutwa. Duka la kwanza: "Mzee, sisi tunauza friji, hatuuzi tumbo ya friji." La pili, mwenye duka akanionyesha mshumaa wa udongo wa mtungi wa kuchujia maji. Nikamuuliza kama ana macho. La tatu, kijana akaniambia nitie kizibo tu, maji yatapita bila filta.

Yatapita. Hata mimi najua yatapita. Nimekuwa nikiwaambia wavuvi miaka ishirini kwamba injini inaweza kutembea bila filta ya mafuta, na itatembea vizuri sana hadi siku itakaposimama katikati ya maji na upepo umeamka. Nikatoka bila kuaga.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeipata namba ya friji yenyewe. Stika iko ndani, nyuma ya droo ya mboga. Nimelala sakafuni na tochi kinywani kuisoma. Mtu mmoja sokoni alikuwa amenishauri: usichague filta kwa macho, zinafanana zote, chagua kwa namba ya friji. Hata plagi za injini ni hivyo hivyo. Nimeaibika kuambiwa.

Nimepiga simu Migori. Kuna fundi wa friji huko anaitwa Chacha, wanasema anaagiza vipuri vya friji za kutoka nje. Mkuria, mchangamfu, anaongea haraka. Nikamsomea namba. Akasema filta za friji hiyo ni za aina mbili, umbo moja, tofauti ni herufi ya mwisho tu, L au R. Moja hufungwa kwa kuzungusha kushoto, nyingine kulia. Yangu ni ya kulia, kwa hiyo R.

Akauliza, "Sasa mzee, nikuretee ya er ama ya ar?"

Nikasema hiyo hiyo. Inakuja kesho kwa gari la vifurushi.

Nafuu. Nimekula vizuri usiku huu, samaki wawili.

Jumapili, 7 Septemba

Haiingii.

Nimeisukuma, nimeizungusha, nimeitukana. Inaingia nusu kisha inakwama. Nikaiinamia na miwani. Mwisho wake imeandikwa L.

Rose kanipigia nikiwa katikati ya hayo. Nimeweka simu begani, nimepiga magoti mbele ya friji, nikamwambia nasoma Biblia. Akasema, "Vizuri." Akaniuliza mvua. Nikamuuliza baridi. Siku hizi tunaulizana hali ya hewa. Zamani tulikuwa tunagombana, na ugomvi ulikuwa mtamu kuliko haya.

Baada ya simu nikaandika ujumbe: Agombo neni. Natamani kukuona, basi, lakini kwa Kijaluo inatoka ndani zaidi. Nikaufuta. Nikaandika: Umekula?

Akajibu: Ndio.

Jumanne, 9 Septemba

Asubuhi nimewasha pikipiki nikaenda Migori mwenyewe na filta mbili kwenye mfuko wa plastiki. Nimefika nimejaa hasira na vumbi.

Nikamwambia, "Chacha, unanichesea. Nimekuambia R, umenitumia L."

"Wewe nirikuuriza, ya er ama ya ar. Ukasema hiyo hiyo."

"Umesema R mara mbili!"

"Nimesema er. Arafu nikasema ar." Akachukua kalamu, akaandika L kwenye kiganja, akaandika R kwenye kile kingine, akaniinulia vyote viwili. "Er. Ar. Sasa mzee, hiyo 'unanichesea' na yenyewe ni rugha gani?"

Hasira ikaniishia hapo hapo. Nimecheka hadi nikashika kaunta. Yeye hana L, mimi sina Z, na kati yetu tulitaka kununua kitu kinachotofautiana kwa herufi.

Ana ya R moja. Akaitoa, akaitikisa sikioni kwangu. Ndani kulikuwa na mchakacho. Akasema hii si ya kampuni, ni ya kuiga, makaa yake yamelegea, mpira wa mdomoni ni mwembamba. Itaingia na taa itazimika. "Rakini ni nani atakunywa?" Nikasema mke wangu. Akairudisha kwenye rafu. Nimemheshimu kwa hilo.

Akauliza friji ilitoka wapi. Uingereza. Na mama yuko wapi? Nikasema yuko huko huko.

"Mzee," akasema, "sasa kwa nini uko Migori?"

Nimerudi polepole. Nimesimama Rongo nikanywa soda bila kiu.

Jumapili, 14 Septemba

Bado sijamwambia. Nimepaka rangi chumba cha kulala. Rangi ya maziwa, anaipenda, au aliipenda. Miaka minne ni mingi. Huenda sasa anapenda nyingine.

Mkono wangu bado unalala upande wake wa kitanda. Naamka ukiwa umekufa ganzi. Nasema hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kusema. Wanaume wa ufuoni ukiwaambia unamtaka mkeo watakuimbia wiki nzima.

Jumapili, 21 Septemba

Nimesema. Nilitaka kuanza taratibu, ikatoka yote kwa mkupuo: sikubadilisha Juni, nilidanganya, nimefuta maandishi, Chacha, er na ar, pikipiki.

Nikaangalia kioo cha simu. Nikafikiri laini imekatika.

Kisha akacheka. Rose akacheka! Si kile kicheko chake cha simu, kifupi, cha kuhurumia salio. Alicheka cha kwetu, kile cha kupiga paja, hadi nikasikia mtu mwingine huko anakoishi akimuuliza kuna nini. Akasema, "Er ama ar! Wuod Kanyada, wewe hubadiliki." Ananiita hivyo, mwana wa Kanyada, akiwa na furaha tu. Sikumbuki mara ya mwisho.

Akasema atanunua huko na kuituma. Sista Pamela, anayepanga naye nyumba moja huko, anakuja likizo mwezi ujao.

Usiku nimejiuliza: Desemba si mbali, kwa nini asije nayo mwenyewe? Nikajijibu. Anataka maji yawe tayari siku ya kufika.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimeenda Asumbi kumwona binti yetu Akoth shuleni. Amekuwa mrefu, sauti ya mama yake. Nimempelekea chapati na kuku. Akala bila kuinua kichwa, kisha akauliza, "Baba, mama anakuja kukaa ama anakuja tu?"

Nikamwambia anakuja kukaa. Akatabasamu, akalamba vidole. Anasema mwaka kesho, akiwa kidato cha nne, mama ndiye atakayekuja siku ya wazazi. Baba huwa anaongea na walimu habari za injini.

Ni kweli. Huwa naongea.

Jumamosi, 11 Oktoba

Pamela amefika. Nimeenda kwao kuchukua mzigo. Alinikaribisha chai lakini hakukaa nami sana, akawa anaingia na kutoka jikoni. Nikimtaja Rose anasema "anakusalimia sana" na kugeuka.

Kisanduku kimefungwa vizuri, jina langu kwa mwandiko wake. Nimekifungulia mezani kwa kisu. R. Namba ile ile, kila tarakimu, nimelinganisha na stika mara tatu. Mpira mnene, karatasi ya fedha juu haijaguswa. Nikapiga kelele ya ushindi peke yangu nyumbani.

Halafu nikaona chini yake kuna nyingine. Na nyingine. Na nyingine.

Nne.

Filta moja miezi sita. Mimi si mwalimu wa hesabu.

Jumapili, 12 Oktoba

Huenda zinauzwa nne nne. Mayai yanauzwa kwa trei, hakuna anayeuliza.

Kila moja iko kwenye boksi lake, na kila boksi lina bei yake.

Kanisani sikusikia neno. Simu yake nimeiacha ilie.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimepiga mimi. Sikusalimia. Nikauliza, "Mama Akoth, mbona nne?"

Nilisikia birika la maji likichemka kwake na kujizima.

"Nimetia sahihi," akasema. "Miaka miwili tena. Mwezi wa nane."

Mwezi wa nane. Aliponiambia habari za glasi ya maji, alikuwa tayari ametia sahihi.

Akasema ni kwa ajili ya chuo cha Akoth. Akasema alitaka kuniambia siku ile ya kucheka, lakini hakuwa amecheka hivyo kwa muda mrefu, akashindwa kukiharibu kicheko. Akaenda dukani kununua moja. Akasimama mbele ya rafu. Akanunua nne. "Nilijua utahesabu," akasema. "Afadhali uhesabu kuliko mimi niseme."

Nimekasirika. Naandika tena: nimekasirika. Mtu hujulishwa kwa mdomo, hajulishwi kwa boksi. Nikamwambia hivyo, kwa sauti ambayo majirani wameisikia. Akalia. Nikamwambia asilie. Nikalia mimi.

Kabla ya kukata akasema nisimngoje, maji ni yangu, ninywe tu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sijaiweka. Maboksi yako mezani, nakula pembeni yake.

Leo ufuoni mvuvi mmoja aliniambia injini niliyoitengeneza inawaka kwa mvuto mmoja. Nikamwambia vizuri. Akaniangalia. Kwa kawaida huwa najisifu hadi aondoke.

Nimemwandikia Rose. Agombo neni. Safari hii sikufuta. Akajibu baada ya dakika moja tu, na huko alikuwa kazini: An bende. Na mimi pia.

Nimeisoma mara nyingi.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimetoka kanisani mapema. Nimenawa mikono kwa sabuni, mara mbili, mafuta yote yametoka. Nimefunga koki ya maji nyuma ya friji. Nimebandua karatasi ya fedha, nikaisukuma, nikazungusha kulia robo. Imeingia bila kulazimishwa. Nilisikia ikishika.

Karatasi inasema mwaga maji ya mwanzo, ndoo moja hivi, yanatoka na vumbi la makaa. Yalikuwa ya kijivu, kisha yakaangaza. Nimemwagia sukuma wiki. Nimeshikilia kitufe hadi taa ikazimika.

Nimekunywa glasi moja, nimesimama. Hayana harufu, hayana ladha yoyote. Ndivyo yanavyotakiwa.

Akoth nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo, akifunga shule Ijumaa.

Zimebaki tatu. Nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito: Aprili. Oktoba. Aprili. Kabati la jikoni limejaa vyombo na spana zangu, na mahali pengine joto linapita kiasi. Nimeziweka chumbani, kabatini, upande wa Rose. Kuna nafasi.