Ndani ya Mlango wa Pampu

Machi 3

Babu,

Shikamoo. Mgongo waonaje? Mimi mzima kuliko wazima wote, na kama dunia ingekuwa na haki, shule zingefungwa siku moja watoto waje kunitazama nikifungua nati. Walionifukuza darasa la sita hawajui walichofukuza.

Sasa sikiliza. Nyuma ya gereji ya Tajiri, chini ya matairi, nimemkuta mzee mwenzako: pampu ya petroli, ndefu kunishinda, ina mpini ubavuni na chupa kubwa ya kioo kichwani. Tajiri anasema mwisho wa mwezi inakwenda kwa watu wa vyuma chakavu. Nikamwambia haiendi popote, itamwaga mafuta mbele ya macho yake. Kacheka mpaka kakohoa. "Ikimwaga, naiweka getini!" Mafundi wote ni mashahidi.

Nitajie ni pampu gani hii, wewe uliyeshika mpini miaka kumi na tisa. Aliyeitengeneza nadhani alikuwa mlevi. Namba za kwenye kioo zimepinduka, sifuri iko juu!

Simu siipigi, najua masikio yako yamestaafu. Jibu umpe huyu dereva wa lori la saruji aliyekuletea barua.

Mjukuu wako, fundi wa mafundi

Machi 9

Mjukuu wangu mwenye mdomo mrefu kuliko mpini,

Marahaba. Mgongo upo, kila asubuhi unanikumbusha kuwa upo.

Mlevi ni wewe. Sifuri iko juu kwa sababu mteja hahesabu kilichomo, anahesabu kilichotoka. Unavuta mpini, kioo kinajaa hadi sifuri, kisha petroli inashuka yenyewe kwa uzito wake.

Kwaruza rangi kidogo mguuni. Ukikuta kijani chini ya nyekundu, na njano chini ya kijani, na bati limebonyea usawa wa goti pale dereva wa lori la mbao alipoigonga, basi ni yenyewe. Ni pampu yangu.

Kama ni yenyewe, fanya utakavyo. Ila kile kimlango cha nyuma, usiguse upande wa ndani. Kuna jambo pale. Bado natafuta namna ya kulisema, nitaandika barua ijayo. Subiri, kijana. Kusubiri nako ni ufundi.

Babu yako

Machi 20

Babu mwenye pampu,

Shikamoo tena, na leo uipokee umesimama. Ni yenyewe! Nyekundu, kijani, njano, na pale ilipobonyea goti langu linaenea kama kwenye kiti.

Ile ngozi ya ndani inayovuta mafuta ilikuwa imekauka, inavunjika kama biskuti. Nikakata nyingine kwenye kiatu changu cha shule, nikailoweka kwenye oili siku mbili. Umeona? Shule imenifaa hatimaye. Tajiri akasema, "Utavuta hewa, wewe." Nikamjibu, "Andaa geti, bosi." Nikavuta mara ya kwanza, ikapiga chafya. Mara ya pili, ikakoroma. Mara ya tatu, mafuta ya taa hayooo, yanapanda kwenye kioo! Tajiri alibaki mdomo wazi, inzi wangeweza kupanga chumba humo.

Kuhusu kimlango: Babu, fundi hasubiri barua. Ndani palikuwa na kutu na mikwaruzo kama kuku kapita. Nimepiga msasa mpaka nayaona meno yangu. Ulitaka nipake rangi juu ya kutu? Hilo sifanyi, hata akiniamuru Babu.

Mjukuu wako, asiyeshindwa

Machi 18

Mjukuu wangu,

Hujambo? Barua hii nimeiandika mara nne.

Ndani ya kimlango kile Bibi yako aliandika kwa msumari, siku moja aliyokuja kuniona kazini. Mimi nilikuwa sijui kusoma, naye alijua kuwa sijui. Nikamuuliza, "Umeandika nini?" Akacheka. "Utasoma siku utakayojua." Nikaona aibu kumwomba mwingine anisomee. Nilipokuja kujifunza, mvi zimejaa, pampu ilishang'olewa, na yeye tulishamzika.

Nisomee. Niandikie neno kwa neno, hata kama ni tusi. Alikuwa na utani sana yule.

Babu yako

Aprili 6

Babu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe kumi na nane niliipata ishirini na tano, lori liliharibika njiani. Ila kuchelewa kwa jibu hili si kosa la dereva. Na yangu ya ishirini najua umeshaisoma, kwa sababu umenyamaza.

Pampu iko getini, ya njano. Watu wa chakavu walikuja, nikawasimamia mlangoni na spana mkononi, wakaondoka mikono mitupu. Tajiri ananiita fundi mbele ya wateja.

Kimlango nimekigeuza kwenye jua pande zote. Nimeweka karatasi juu nikasugua kwa mkaa. Hakuna kitu. Msasa wangu ulikuwa mzuri mno. Nikatunga maneno matamu nikuandikie kuwa ndiyo ya Bibi, kisha nikayachana. Bibi asingekuandikia utamu, angekutania.

Babu, haikuwa mikwaruzo ya kuku. Ilikuwa mistari miwili, herufi zimenyooka. Niliiona, nikajua ni maandishi. Sikuyasoma. Nilikuwa na haraka ya kung'arisha.

Mjukuu wako